Mteremko wa Amerat

Nyuma ya nyumba ardhi inateremka kama mtu aliyeghairi,
changarawe tupu, na jua la Juni halina muhali.

Mama Thuwaiba alitaka ukoka.
Ukoka wa Wete, alisema, wa kulowa umande.
Tukaupanda. Ukanywa kuliko ngamia,
bili ilipofika, ukafa.

Kwenye vitalu vya Barka, Shafiqul akatupitisha:
huu una maua, huu una jina refu.
Nikamuuliza, upi hautaniita kila jioni?
Magoti yangu yamestaafu kabla yangu.

Akacheka, akavuta chini ya meza
kitu kinachotambaa, majani manene,
hata chungu hakikupewa.
Mama akachuma jani, akatafuna: chumvi.
“Tako la hasani hili!”
Silo, lakini hatukubishana.

Miche arubaini, safu za kukingama, si za kushuka.
Wiki sita tukaimwagilia,
kisha tukaisahau kwa makusudi.

Machi wadi iliposhuka
ilikwenda na ukuta wa jirani.
Udongo wetu ulikuwa pale pale, umebanwa
na vidole vidogo visivyodai kitu.

Mama anasema bado si ukoka.
Leo alfajiri nimezikuta ndara zake
zimeachwa ukingoni.