Mlango wa Uani

Baba alijifunza kusoma chuoni, Mbwamaji,
kwa ubao na wino wa masizi:
herufi hairukwi, aya haikatwi,
ukikosea unarudi juu.

Ndivyo alivyolianza kabrasha la jokofu
lililoletwa karakanani kwetu, Keko,
kurasa tisini na sita, pamoja na jokofu lenyewe
la duka la dawa la Mama Nasra,
insulini za watu zikingoja kwenye ndoo ya barafu.

Saa nzima akafika ukurasa wa nne:
kampuni inamshukuru mteja wake.
Akausoma kwa sauti. Akaitikia,
"Nasi twashukuru."

Baba, nikamwambia, hiki si msahafu.
Hii ni nyumba.
Jalada ndiyo baraza, toa salamu upite.
Hapa YALIYOMO, ukumbini: vyumba vina namba,
hugongi vyote kumtafuta mtu mmoja.
Na nyuma kabisa, wanakopita wenyeji,
uko mlango wa uani. Faharasa.
K. Kompresa. Hamsini na tatu.

Akanitazama kama mtu
niliyeingia kwa watu bila hodi.

Hamsini na tatu:
wino mnene pale mwandishi alipopaza sauti,
pembetatu yenye radi tumboni,
na mtambo umepasuliwa kama samaki wa kukaanga,
mishale ikitaja kila kiungo.
Chini ya picha, kwa herufi zilizolala:
*Mchoro 17. Rilei ikiwa wazi.*

"Wazi," akasema Baba. "Yetu imeganda."

Basi hapo sikumfundisha tena.
Aliliona jedwali mwenyewe:
kidole kimoja kikashuka *Dalili*,
kingine kikakata upande toka *Tiba*,
vikakutana kwenye *inanguruma, haipoi*.
"Huyu aliyechora visanduku hivi ni fundi," akasema.
"Hana maneno ya kupoteza."

Tukafungua, tukabadilisha.
Nikafunua kurasa za mwisho kwa maringo
nimwoneshe maana ya maneno magumu.
"SHEREHE," akasoma. "Tumealikwa?"
Akacheka peke yake hadi bisibisi ikamponyoka.

Mama Nasra kasimama mlangoni, barafu imekuwa maji.
Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Ngoja."
Baba alikuwa bado hamsini na nne,
mdomo ukitembea, herufi haikurukwa.
"Hapa pana kinyota."

Nilikipita. Nilidhani ni uchafu wa chapa.
Akakifuata mpaka sakafuni mwa ukurasa,
chini ya mstari, kwenye maandishi kama sisimizi:
*Gesi itulie dakika thelathini kabla ya kuwasha.*

Mkono nikaurudisha.
Mama Nasra akatumwa barafu nyingine.
Tukakaa juu ya makopo ya rangi, Baba na mimi,
tukihesabu dakika,
naye akarudi ukurasa wa tano.