Herufi ya Ishirini

Wadi ya watoto, Ibra, saa nane za usiku.
Kiyoyozi cha juu ya kitanda cha saba nimekizima,
baridi ni adui wa yule aliyelala pale.

Azzan ana miaka tisa. Ameuma ncha ya mto
asilie mbele ya mwanamke.
Namuuliza: yanauma kiasi gani, toka sifuri hadi kumi?
Anasema: kumi na mbili.
Naandika kumi. Fomu haina nafasi zaidi.
Kisha pembeni, kwa kalamu yangu mwenyewe: 12, msadikini.

Mtihani ni Jumapili.
Kitabu kimelala wazi juu ya toroli la dawa.
Sista Lissy, mtu wa Kerala, hutufundisha kwa Kiingereza;
mimi huhifadhi kwa Kiswahili cha bibi yangu,
aliyekuja na sanduku moja kutoka Wete
na lugha aliyokataa kuiacha forodhani.
Basi nimejitungia:

    Herufi ya ishirini, A yatoka T yafika,
    Glutamiki si nyumbani, valini imejiweka,
    Hewa ikitoka ndani, minyororo huungika,
    Ni mundu humo mwilini, shamba gani lavunika?

Sista Lissy hatanipa alama hata moja kwa vina.

Herufi mia nne arobaini na nne, imekosewa moja.
Andika damu,
kalamu iteleze kidogo: dumu.
Ila hapa ni kinyume. Seli ya kudumu siku mia na ishirini
hata mwezi haitimizi.
Nayo haina kiini; ilikitupa ilipokuwa ikitoka ubohoni
iwe nyepesi, ibebe hewa na basi.
Maandishi yamebaki kiwandani, ndani ya mfupa,
na kiwanda kinachapa kosa lilelile
kwa bidii, usiku na mchana,
kama karani asiyesoma anachokinakili.

Baba yake, Sulaim, ameingia na birika la kahawa.
Hupanda mashamba ya majani ya mifugo;
mundu wake anaujua, huu wa mwanawe haujui.
Ananiambia kwa sauti ya chini:
daktari alisema mmoja katika wanne.
Huyu ndiye robo yetu. Tumeshalipa.
Watatu watakaofuata watakuwa wazima.

Nilitaka kuinama nirekebishe dripu.
Nikasema: kila mimba hurusha dadu upya,
na dadu haina kumbukumbu.

Alitazama ndani ya kikombe muda mrefu.
"Mama yake ana miezi minne," alisema.

Hilo halimo kitabuni. Kitabuni mna visanduku vinne,
kimoja kimetiwa wino.

Bibi Thuwaiba aliugua malaria kule Wete
mara ambazo hakuzihesabu, na hakufa.
Yeye alisema ni mwarobaini. Mama alisema ni ubishi.
Mimi nasoma ukurasa wa mia mbili na sita:
nakala moja nzima, moja yenye kosa,
na kimelea akikuta nyumba haimkai.
Kilichomwokoa alikifunga sandukuni bila kujua,
akapita nacho bandarini. Hakikutozwa ushuru.

Ninayo mimi. Nilipimwa mwezi wa Shaabani,
karatasi imo mfukoni mwa aproni, imekunjwa mara nne
mpaka imekuwa ndogo kama kidonge.
Haithem, mtoto wa ami yangu, bado.
Anasema tuache mpaka baada ya Idi,
na anasema kwa upole, ndiyo maana nachelewa kukasirika.

Saa kumi kasoro. Mofini imeshuka, maji yanaingia,
chupa ya moto nimeiviringisha taulo chini ya goti.
Kidole chake kina rangi tena.
Sulaim amesinzia kitini, kikombe kimeinama mkononi
lakini hakimwagiki.

"Sasa je, Azzan?"

"Kumi na moja," anasema,
na kunitazama mkono
aone kama nitaandika.