Moja na Sifuri

Hapa Kaohsiung tumejigawia tarakimu.
Moja ni yule wa juu, sifuri yule wa chini.
Ipo na nusu, nukta tano, ila haaminiki:
husemwa ni sifuri mwenye haya.

Utani wetu wote umejenga humo.
Picha ya mbwa sita wamelala chali
wakimngoja mmoja wa kuwakuna tumbo,
na maneno: mji mzima, moja yuko wapi?
Niliicheka ndani ya lifti, peke yangu,
mpaka mlinzi akanikagua.

Mimi Yen-ting, mwembamba, sauti ya filimbi,
mpima macho katika duka la miwani,
sikuulizwa namba. Nilipewa.
Siku ya kwanza tu, meza ya watu saba,
vyombo vikasukumwa upande wangu:
Sifuri, sogelea sufuria.
Nikasogea. Nikacheka. Nikasugua.

Kuei-fen hasugui. Yeye tumempa dume la herufi,
nywele fupi, buti, pikipiki,
na mtungi wa gesi hadi ghorofa ya tano ni wake.
Mpenziwe alipomwacha mwezi wa sita
tulimtumia simba aliyekunja uso:
"Halii huyu, anatokwa jasho machoni."
Alijibu kidole gumba.

Sasa Tsung-hsien.
Mabega kama mlango wa ghala,
kazi yake kufundisha watu kunyanyua vyuma.
Tulimwita Moja bila kumhoji,
kama mtu anavyosema mvua ni maji.
Kibandani kwa chapati za chaza, tufani ikiwa njiani,
bia ya pili, akaliambia bakuli lake:
"Mimi ni sifuri. Siku zote."

Kimya. Kisha meza ikapasuka.

Na mimi, wala si mwingine, mimi,
nilifika nyumbani nikatengeneza picha:
lori la tani kumi, utepe wa waridi,
linaomba lisukumwe taratibu.
Saa nane usiku nikaituma.
Ikaruka simu hadi simu, ikafika Tainan,
ikanirudia kwa mtu nisiyemjua
akiuliza kama nimeshaiona.

Tsung-hsien alitangulia kucheka:
nyuso tatu za manjano zinazolia kwa kicheko.
Kesho yake, uso mmoja.
Keshokutwa: Tsung-hsien ameondoka kwenye kundi.

Mzaha mzaha. Mnajua unachotunga.

Nimejiuliza nilikuwa nalipiza nini.
Sufuria, labda.
Usiku ule mmoja mimi ndiye niliyekuwa juu.
Kwa maana utani nao ni kitanda,
anayechekesha ana upande wake
na anayechekwa ana wake,
na hakuna aliyemuuliza kama anaupenda.

Halafu tulicheka nini hasa?
Kwamba mwenye nguvu anaweza kutaka kupokea.
Kana kwamba kupokea ni kushuka ngazi.
Baba angecheka palepale, kicheko kilekile,
baba ambaye hatujala meza moja
tangu nilipomwambia.

Jana kaja dukani. Miwani imevunjika mkono.
Sikujua niseme nini, nikasema: keti.
Nikaweka lenzi ya sifuri, isiyo na nguvu yoyote,
ile tunayoanzia kwa kila mtu.
Ukutani, maduara meusi yenye pengo.
"Hili limefunguka wapi?"
"Chini," akasema.

Nikangoja mmoja wetu acheke.
Kiyoyozi kikavuma.

"Na hili?"
"Juu. Hapana. Ngoja,
usiniharakishe."