Shimo la Hatua ya Saba

Mwanangu Gniewko ameniletea kijimashine,
kinajaa kiganja, kizito kama nusu mche wa sabuni.
Ndani yake, anasema, mna gemu elfu tatu,
zote za enzi zako, mama, chagua.

Nimechagua moja.
Ile ya mchimbaji mwenye kofia ya taa.

Radom, Januari, saa nne usiku.
Nimetoka zamu kwenye kiwanda cha mikate,
viatu vinachuruzika theluji juu ya gazeti,
bomba la joto linakoroma ukutani kama zamani,
na muziki ule ule, noti nne zisizochoka,
unatoka kwenye kitu kisicho na waya
wala kisichohitaji kupulizwa.

Maana sisi tulikuwa tukipuliza.
Dada yangu Jagna ndiye aliyekuwa na pumzi ya kazi hiyo:
kaseti mdomoni kama filimbi,
mara tatu, hata nne, kisha kofi la upole,
na televisheni ya baba ikakubali, shingo upande,
rangi ya kijani ikivuja pembeni.
Mashine ilikuwa bandia, kaseti nayo bandia;
tulimnunulia bwana Wieńczysław, soko la uwanjani,
kati ya meza ya soksi na ndoo ya matango ya chumvi.
Kibandiko kilikuwa na picha ya dubu.
Ndani hamkuwa na dubu.
Hatukurudisha. Nani angerudisha?

Hatua ya kwanza, vidole vinakwenda vyenyewe.
Ya pili. Ya nne.
Gniewko amesimama nyuma yangu na chai yake, hasemi.
Miaka thelathini, na kidole gumba changu
kinajua popo atatokea wapi
kabla popo mwenyewe hajajua.

Hatua ya saba nikaruka mapema, kama ilivyo desturi,
nikakanyaga pale penye jiwe lisiloonekana.
Nikaanguka.

Kuna kitufe cha kurudisha muda.
Mchimbaji anapaa kutoka shimoni, kisogo mbele,
kifo chake kinakunjwa kama shuka.
Tena. Nikaanguka. Tena.

"Mama, hapo hapana jiwe."
"Lipo."
"Halipo. Tazama."
Akanifungulia kwenye kompyuta ramani ya hatua nzima,
iliyochorwa na watu wasiolala:
kila tofali, kila popo, kila tone la maji,
na pale pangu, weusi mtupu.

Nikampigia Jagna. Yuko Rotterdam, alikuwa amelala.
Nikasema, "Jiwe la hatua ya saba."
Hakuuliza jiwe gani.
"Unaruka mapema," akasema, "kabla taa haijazimika,"
akakata simu.

Basi tukashuka stoo, chini ya jengo, kwa tochi,
tukapekua chupa za jemu na baiskeli isiyo na mnyororo.
Dubu alikuwepo, amechubuka sikio.
Gniewko akaifyonza kaseti kwa kifaa chake, baiti kwa baiti,
akalinganisha hesabu yake na orodha ya ulimwengu.
Haikulingana.
Kompyuta ikaandika kwa wekundu: nakala mbovu.

Aliyeinakili, sijui mji gani, sijui usiku gani,
alikosea tarakimu moja.
Labda alisinzia. Labda aliwahi basi la mwisho.
Na kosa lake likawa jiwe,
na watoto wawili wa ghorofa ya sita
wakalikanyaga majira manne ya baridi,
likawabeba.

"Naweza kuirekebisha," akasema Gniewko.
"Thubutu."

Akaiingiza ilivyo.
Nikaruka mapema. Nikasimama hewani,
miguu juu ya weusi, taa ikazimika, popo akapita.

Ilibaki kuipa jina. Akaandika: *Ya mama, mbovu.*
Nikamwambia afute neno la mwisho.
Akafuta.
Nikalitazama jina lililobaki, halina hata alama,
nikamwambia alirudishe.