Kiti cha Baba Sompwe

Aliponiita nilidhani ni betri.
Mtambo wa kukata majani ukigoma, watu huilaumu betri
kama wakwe wanavyomlaumu mkaza mwana:
yuko karibu, na hana wa kumtetea.

Novemba, Lubumbashi. Mvua ya kwanza imeshapiga,
majani ya uwanja wa shule ya watawa yamefika magotini,
vichuguu vyekundu vinachungulia katikati,
na mtambo uko kibandani, rangi yake ya chungwa
imeshindwa na kutu. Umri umenizidi.

Nikapima. Betri: volti kumi na mbili na nusu.
Fyuzi: nikaiinua juani, uzi wake haujakatika.
Nikazungusha ufunguo. Kimya.
Hata ule mlio wa relei, tak, kama ukucha juu ya bati, hakuna.
Nikafurahi kidogo, sitaficha.
Mtambo unaokohoa una ugonjwa mmoja;
ulionyamaza, lazima uuhoji.

Nikafuata waya kwa kidole, mwekundu, mweusi,
ule wa zambarau unaopita chini ya tangi,
na huko nikakuta kitanda cha panya: nyasi, pamba,
ukurasa wa daftari la hesabu la mtoto fulani.
Walikuwa wametafuna ganda, shaba wameiacha.
"Baba, katika mji huu mzima
panya peke yake ndiye asiyeiba shaba!"
Baba Sompwe hakucheka.

Nikavisha tepu. Waya wa ardhi nikaufungua,
nikakwangua pale unaposhika mwili wa chuma
mpaka chuma kikang'aa kama jino jipya.
Nikaketi kitini ili niufikie ufunguo vizuri.
Ukawaka! Moshi wa buluu, kunguru wa paani wakatawanyika,
Sista Godelieve akapiga makofi dirishani.

Niliposhuka ulizima. Hiyo ni haki yake:
bila mtu kitini, visu visizunguke.
"Panda, Baba."
Akapanda, akazungusha. Kimya.
Nikapanda mimi: ngurumo.
Akapanda yeye: kimya.
Mara tatu. Sista akaondoka dirishani.

Nilielewa kabla sijataka kuelewa.
Chini ya kiti kuna swichi, ndogo kama kiberiti,
na springi yake huuliza swali moja tu:
kuna mtu?
Miaka kumi na tisa makalio ya Baba Sompwe yalijibu naam.
Kisha hospitali, wiki saba,
na sasa mkandani mwake matundu mapya mawili
yaliyotobolewa kwa msumari.

"Unganisha nyaya zile mbili," akasema, akitazama uwanja.
"Wengine hufanya hivyo. Swichi tuisahau."
"Nikiunganisha, siku ukianguka visu havitajua."
Akanyamaza.
"Basi weka jiwe kitini, nikae juu ya jiwe."
"Jiwe halianguki na wewe, Baba."

Nikakata mpira wa tairi kuukuu, upana wa vidole viwili,
nikauweka kati ya kiti na swichi.
Mnene mno: mtambo uliwaka bila mtu. Nikapunguza kwa wembe.
Nikajaribu kwa tofali mbili, nne, saba,
nikipunguza, nikijaribu,
maana nilitaka imtambue alivyo,
si alivyokuwa.

Akapanda tena, polepole, mguu wa kulia kwanza.
Hakuzungusha ufunguo mara moja.
Alikaa tu, mikono kwenye usukani,
kama anayesubiri kuitwa jina.
Kisha tak.
Kisha ngurumo.

Mstari wa kwanza ulikwenda mshazari
hadi golini. Wa pili alinyoosha.

Nusu ya pesa alinipa siku ile, nusu mwisho wa mwezi, akasema.
Katika daftari langu, chini ya jina lake,
niliandika: panya, waya, kutu ya ardhi.
Swichi ya kiti sikuiandika.