Yasiyoingia Katika Muhtasari

Nimeandika: wajumbe kumi na wanne, wenye udhuru wawili.
Nimeandika: kikao kilifunguliwa saa nne na nusu,
darasa la tano, shule ya msingi, Mwamgongo,
madawati yakitubana magoti kama tuliorudia darasa.

Sikuandika kwamba Bwana Samaki alikuja na boti ya asubuhi
akatapika mara mbili njiani,
na aliyempa maji ya kunawa uso ni mke wa Gwimo,
Gwimo yuleyule aliyempiga faini mwaka jana.

Alibandika ramani ubaoni.
Ziwa lilikuwa zuri, sikatai:
bluu nyepesi, bluu nzito, tarakimu za kina.
Lakini ufuko wetu ulikuwa mstari mmoja tu,
mwembamba kama uzi wa kushonea nyavu,
hauna jiwe, hauna mlango, hauna mtu.
"Onyesheni mazalia," akasema. "Ninyi ndio wenyeji."
Akanyoosha kalamu.

Kalamu ikazunguka. Bihagaze akaisukuma
kama daftari la madeni.
Wanaume wanalijua ziwa kwa usiku,
kwa taa, kwa pale dagaa wanapopanda.
Mimi nalijua kwa mchana, na kwa bibi.

Bibi Ntirampeba alianika dagaa mchangani miaka arobaini
na macho yake hayakuwa kwenye dagaa.
Alijua kuhe anakotagia. Alituambia
kuhe hutaga mara moja tu maishani, basi;
baba na mama hukaa juu ya watoto, hawali,
hukonda hadi miiba ikahesabika,
na watoto wakishajua kukimbia, wazazi hufa.
"Ukimvua huyo," alisema, "umevua nyumba nzima
kwa kitoweo cha jioni moja."
Hakuuita uhifadhi. Aliita haya.

Hata kufunga ziwa hatukungoja tangazo.
Mbalamwezi ilifunga, taa zikazimwa, nyavu zikashonwa.
Msiba ulifunga, mpaka mwili upatikane.
Hapakuwa na muhuri.

Basi nikasimama. Nikaandika Jiwe la Mzazi.
Nikaandika Kwa Bukuru, na Kwa Butoyi, miamba pacha.
Nikaandika Mlango wa Kuhe, herufi kubwa,
na Bwana Samaki akaweka nukta nyekundu
taratibu, akiuliza kila jina linavyotamkwa,
akikosea, akirudia.
Hilo nalo sikuliandika, na nilipaswa.

Kisha Gwimo: "Na mwenye chandarua je?"

Kila mtu akaangalia sakafu.
Mwenye chandarua ni Yoramu, mwanangu,
anayekokota dagaa wachanga alfajiri
kwa chandarua tulichogawiwa zahanati,
na mwezi uliopita niliila mboga ile
nikalamba na kidole.
Nikaandika jina lake. La kwanza. Shilingi elfu hamsini.
Mkono haukutetemeka; wino ndio uliokatika,
nikarudia herufi ya mwisho.
Usiku huo alikula kwa shangazi yake.
Hata leo anaingia kwangu kwa kubisha hodi.

Liko jiwe moja zaidi.
Bibi alinionyesha kwa kidevu, si kwa kidole,
siku tunarudi na kuni, mvua ikija kutoka upande wa Kongo.
Hakunitajia jina. Alisema tu, "Unaona?"
Nikasema naona.

Ramani itapigwa nakala, itabandikwa mjini,
na mwizi naye alisoma shule.
"Ni hayo tu?" akauliza Bwana Samaki,
na uso wake ulikuwa uso wa mtu mwema.
Nikafunika kalamu.

Nimeandika: mazalia manne yametambuliwa.
Nimeandika: mengineyo, hayakuwepo.
Kikao kilifungwa saa nane na robo.