Kidole cha Shahada

Baquba, Januari. Shule ya wasichana,
madirisha yamezibwa kwa magunia ya mchanga.
Magari yamepigwa marufuku, watu wanakwenda kwa miguu.
Shangazi Nadhima amevaa abaya ya misiba
kwa sababu, anasema, ndiyo yenye mfuko wa ndani.

Kidole kikazama kikoponi, kikatoka zambarau:
kile kile anachokinyoosha kwenye tahiyatu
kushuhudia kwamba Mungu ni mmoja.
Getini, askari wa Kimarekani, mdomo umepasuka kwa baridi,
akamwomba kwa ishara akiinue, ampige picha.
Akakiinua.
Kijana akaona alichotumwa kuona.

Picha ilisafiri kuliko ukoo wetu mzima,
wala haikuombwa viza.
Sisi tulibaki na kikaratasi chini ya mlango:
*kidole chenye wino kitakatwa.*
Wiki tatu akakanda unga na glavu,
akapokea chenji kwa mkono wa kushoto, akiomba radhi.

Limau. Jivu. Dawa ya choo.
Rangi ikang'ang'ania ukingoni mwa ukucha
kama mgeni aliyekaribishwa chai, akahamia.
Ndipo akamwendea Sheikh Mudhar: udhu wangu, je?
Sheikh, ambaye hakupiga kura na hakupenda kuulizwa,
akauliza yeye: wino huo una mwili, au ni rangi tu?
Ukiwa na mwili, maji hayafiki, swala hakuna.
Ukiwa rangi tu, swali.

Shangazi akakwangua kwa kisu cha matunda.
Hakikutoka kitu.
"Rangi tu," akasema,
akaenda kutawadha, maji ya barafu mpaka viwikoni.

Miaka kumi na mmoja baadaye, uwanja wa ndege wa Detroit.
Mimi, Luay, niliyewatafsiria miaka miwili,
niliyejifunza kwao kusema "operesheni" bila kumeza mate,
naambiwa niweke kidole kwenye kioo.
Siku hizi hakuna wino.
Mwanga wa kijani unapita chini ya ngozi, unarudi.
Jina la baba? La babu?
Unaswali msikiti gani?
Bonyeza tena, mashine haijakisoma.
Nakipangusa kwenye suruali, nabonyeza.
Tena, anasema ofisa, si kwa ubaya, amechoka tu.
Nyuma yangu kwenye foleni
mtoto wa mtu analia, anataka maji.